Mgongo wa Mzee Burito Kabla ya Vuli

Butiama, 12 Mei 2024

Dada yangu Nyamburi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua tangu usilimu wewe ni Shani na mdomo wako haujibugi hiyo, basi nimejijibia mwenyewe, milele amina. Na ya kwenu nakupa usije ukanuna: asalamu aleko. Hujambo huko Bweri? Hao watu wa Iringo bado wananunua hivyo vitumbua vyako au wameshapata akili?

Huku tuko. Mkamwana wangu Flora amevuna mtama mpaka ghala limekataa, magunia mengine ameyaingiza chumbani kwangu, nalala nayo kama wake wenza. Bonifasi mwanangu yuko Buhemba kwenye mashimo ya dhahabu, anarudiga Jumamosi. Kuku wa kijivu ametotoa. Mbwa amekufa, lakini alikuwa amezeeka hata kukuzidi wewe.

Sasa jambo lenyewe. Mgongo. Ule wa chini, pale mkanda unapokaa. Unakumbuka mwaka juzi nilivyokamatana na dume la jirani yangu Mugeta kule mtoni, nikalishika pembe nikaligeuza miguu juu? Kijiji kizima kiliona. Basi ni siku ile. Dume lilipona, mimi nikabaki na zawadi. Nikiinuka asubuhi nainuka kwa mafungu, kama hema.

Nisingekusumbua. Ila Jumapili Bonifasi alikuja akakaa karibu yangu taratibu, kama padri aliyeitwa kwa mgonjwa. Akasema, "Baba, vuli ikifika kama hujasimama, Meneja na Karani nawapeleka mnadani Bunda. Shamba tumkodishie Mugeta, wewe uende kwa shangazi Musoma ukapumzike." Nikamuuliza, "Nipumzike nini, nani kakwambia nimechoka?" Nyamburi, maksai wale nimewafundisha mwenyewe tangu ndama. Toka Kiabakari mpaka Buhemba hakuna maksai aliyejua kulia na kushoto kabla hajapita kwenye mikono yangu. Karani nikikohoa tu anageuka. Meneja yeye ni mvivu, ndiyo maana nikamwita Meneja. Wakienda Bunda watachinjwa, hakuna mtu wa Bunda anayenunua maksai ili aongee naye.

Nasikia Musoma kuna mashine inatibu mgongo kwa sauti, sauti yenyewe hata sikio halisikii. Niulizie. Simu yangu haishiki mtandao, ndiyo maana nakuandikia. Herufi hizi nilizipataga kwenye elimu ya watu wazima, mwalimu wetu alihamishwa kabla hatujafika kwenye nukta, kwa hiyo nukta ukiziona ni za kubahatisha.

Mimi kaka yako, simba wa Butiama,
Burito


Bweri, Musoma, 26 Mei 2024

Kaka Burito,

Waaleikum salaam, na wewe siku moja utajifunza kuiandika. Sisi wazima, alhamdulillahi. Wajukuu wako wanasoma, huyu mdogo ameng'oka meno ya mbele na bado anaongea kuliko wote, sijui karithi kwa nani. Dagaa wamekuwa wengi juma hili, nakutumia kikopo kimoja cha sadolini, mpe Flora, usikae nacho wewe.

Kuhusu dume la Mugeta. Flora alinieleza siku ileile mwaka juzi kwamba uliinama kuokota kijiko. Kijiko, kaka. Sijui dume gani hilo linalokoroga uji.

Na simu yako inashika mtandao vizuri sana, jana nimeongea na Flora kwenye simu hiyohiyo. Unaandika kwa sababu kwenye simu nakusikia unavyokata pumzi ukigeuka. Haya, tuandikiane. Dereva wa haisi ya Butiama ni mteja wangu, anakula vitumbua kila alfajiri, atakuwa anabeba.

Mashine nimeiulizia. Kuna kituo hapa mjini cha mazoezi ya viungo, kuna kijana anaitwa Luqmani, ni fundi wa migongo. Nimemweleza habari zako. Akauliza kama mguu unakufa ganzi, kama mkojo unatoka sawasawa, kama umepungua mwili bila sababu. Anasema lazima ajue hayo kwanza kabla hajakugusa. Sasa wewe ukifika usimletee hadithi za mtoni. Mwambie ukweli, hata kama utakuuma kuliko mgongo.

Njoo Jumatano. Nitakungoja stendi. Na habari ya kuhamia kwangu, chumba kipo, lakini mimi sikutaki. Utaniulia biashara kwa maneno. Pona ubaki kwako.

Dada yako,
Shani


Butiama, 23 Juni 2024

Nyamburi dada,

Salamu za juu na za chini. Dagaa nilimpa Flora, ila mkono wangu ulipita mule kidogo njiani. Vifaranga vya kuku wa kijivu vimebaki nusu, mwewe kachukua kodi yake. Bonifasi anawasalimu wote.

Wewe siku ile ulibaki nje kwenye benchi na maneno yako, kwa hiyo hujui yaliyotokea ndani. Ngoja nikupe. Nilidhani nitakuta mtambo kama wa kukoboa mahindi. Kumbe ni kisanduku kama redio ya mkulima, na waya moja, na mwisho wa waya kitu cha duara kama kifuniko cha chupa ya chai. Luqmani akanilaza kifudifudi, akanimwagia uteute wa baridi kama ute wa yai, akaanza kuzungusha kile kifuniko kiunoni. Anazungusha, anazungusha, kama mtu anayepiga pasi shati la harusi. Nikangoja. Nikamwambia, "Kijana, washa basi." Akasema, "Mzee, iko kazini muda mrefu." Nikamuuliza, "Sasa inaimba wimbo gani?" Akasema sauti yake ni nyembamba sana, sikio la mtu haliipati, inaingia kwenye nyama inakuwa joto. Kweli nikasikia kajoto kadogo, kama ndama amekulalia. Nikamwambia mimi sauti hiyo naisikia, maana masikio yangu siyo ya kila mtu. Akacheka mpaka kifuniko kikahama.

Halafu akasema na mengine mengine ya vijana, nikawa namwitikia ndiyo, ndiyo, nikavaa shati.

Dada, nimeenda na kurudi sasa mara kadhaa na mimi siyo Burito yule. Nilipotoka juzi nilimpita bodaboda aliyeninyemelea stendi, nikamwambia nenda utafute wagonjwa. Mashine ile inaunguza ugonjwa ndani, naona kabisa unavyopungua, umebaki kipande kama sahani ya chai. Mugeta alipita jana, anajifanya anaulizia mbegu huku macho yako zizini. Nikamwambia, "Jirani, kope zako zitachoka. Tafuta maksai wengine." Meneja akamgeuzia matako, wala sikumfundisha hiyo.

Ulimwengu uko salama mikononi mwangu,
Burito


Bweri, 10 Julai 2024

Kaka,

Asalaam aleikum. Hapa wazima. Mvua haipo, upepo wa ziwa unatupulizia vumbi la ujenzi, kila mtu Bweri anajenga. Vitumbua vinatoka. Kigoda changu nimekiweka pembeni, siku hizi nakaangia nimesimama, ndiyo mtindo wa mjini.

Nilikuona ulivyotoka mle ndani ukitembea umenyooka. Nilifurahi. Sikukwambia pale kwa sababu kichwa chako kingevimba na haisi ina mlango mdogo.

Swali langu moja tu. Hayo mengine mengine ya vijana ni nini? Luqmani alikaa na wewe muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Nilikuwa nasikia anasema "hivi" na "sasa geuka", na wewe "ndiyo, ndiyo". Mtu haambiwi "geuka" bure.

Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Shani


Butiama, 25 Agosti 2024

Kwa dada,

Tumsifu. Samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa na mambo mengi. Flora yuko vizuri, ametengeneza udaga wa mihogo, mweupe mpaka majirani wanauulizia. Bonifasi yuko shimoni kwake. Mimi nipo.

Ile mashine imekufa. Labda unajua. Nilifika Jumatano nikakuta Luqmani anaipuliza kama mtu anayewasha kuni mbichi. Akaniambia mpaka aje fundi kutoka Mwanza, na fundi hana siku. Akasema, "Mzee, wewe endelea na yale mengine." Nikasema ndiyo. Nikarudi. Juma lile halikuisha, mgongo ukarudi na ndugu zake wote. Wamehamia mpaka kwenye nyonga.

Sikukubali kushindwa. Mugeta aliniambia, kwa huruma yake ile ya fisi, kwamba Bunda kuna zahanati ya mtu binafsi ina mashine ya sauti. Nikapanda gari mpaka Bunda. Nikaingia, nikasema nimekuja kwenye mashine ya sauti, wakanielekeza benchi. Nikakaa. Pembeni yangu mama ana tumbo. Yule mwingine ana tumbo. Wote wana matumbo, mimi peke yangu nina kofia. Nikasema labda huku migongo inauma wajawazito. Nesi akatoka, akanitazama, akauliza, "Babu umemsindikiza nani?" Nikamwambia, "Nimejisindikiza." Yule mama akasema, "Hongera baba, ni wa kwanza?" Nikamjibu ni wa tisa, nimeshazoea. Walicheka mpaka nikaogopa mmoja atajifungulia pale. Mashine yao inapiga picha, haitibu mgongo. Nesi akanipa kiti cha mgongo mrefu na maji ya kunywa, mtu mwema, nikarudi.

Nyamburi, jana Jumamosi Bonifasi alimleta Mugeta zizini. Mimi niko kitandani, natazama kwa dirisha. Mugeta akafungua mdomo wa Karani akamhesabu meno. Mnyama niliyemlea, mtu anamfungua mdomo kama debe. Karani hakumpiga teke. Alikuwa anatazama huku dirishani, anangoja nikohoe nimwambie afanye nini. Sikukohoa. Nikikohoa inaniuma.

Mvua inakuja mwezi wa kumi. Mwambie Luqmani amtafute huyo fundi.

Burito


Bweri, 3 Septemba 2024

Kaka Burito,

Salamu baadaye. Nimekasirika.

Nilienda kwa Luqmani jana. Nimemuuliza habari ya fundi, akasema hajui. Nimemuuliza sasa kaka yangu atakufa kitandani kwa sababu ya waya? Akaniambia, na naandika kama alivyosema: "Mama, ile mashine inapasha joto tu. Kuna watu inawasaidia kidogo, kuna watu haiwasaidii kitu, na mzee nilimwambia hivyo siku ya kwanza. Mgongo wa miaka unatibiwa na mwenye mgongo. Nilimpa mazoezi mawili na kutembea. Akifanya kila siku hata mashine isipopona, yeye atapona." Kisha akaniuliza, "Kwani hafanyi?"

Niliona aibu mimi, siyo wewe.

Kaka, siyo kazi ngumu. Unalala chali, unakunja magoti, visigino viwe karibu na makalio. Unanyanyua kiuno polepole mpaka unyooke kama ubao, unakaa kidogo, unashuka polepole. Usijinyanyue kwa shingo, shingo ilegee. Ukisikia inavuta kwenye makalio uko sawa, ukisikia kiunoni basi umekosea, sogeza visigino. La pili unapiga magoti na mikono chini kama ng'ombe, unapandisha mgongo kama paka aliyeona mbwa, halafu unaushusha. Siku za kwanza mgongo utauma, uchungu kama wa kulima shamba jipya, siyo wa kukatwa. Usiogope huo, kesho yake unakuwa mwepesi.

Wewe ambaye uligeuza dume miguu juu, unashindwa kujigeuza mwenyewe? Niambie kwa nini hufanyi. Usiniletee hadithi. Nikipata hadithi nampigia Bonifasi mwenyewe awapeleke maksai Bunda kesho.

Shani


Butiama, 15 Septemba 2024

Dada yangu,

Umenikamata shingo, basi nitasema, na ukicheka ucheke ukiwa peke yako.

Wewe unajua kwetu. Mimi na Flora hatupeani kitu mkono kwa mkono. Chakula anakiweka kwenye meza ndogo, anaondoka, ndipo nachukua. Miaka yote aliyokaa hapa sijamwona bila kitambaa kichwani na yeye hajaniona bila shati. Sasa Luqmani anataka mkwe alale chali uani, anyanyue kiuno mbinguni, ashushe, anyanyue, ashushe. Halafu apige magoti abinuke kama ndama anayenyonya. Mkamwana anatoka bombani na ndoo kichwani anakuta mkwe yuko hivyo. Ndoo inaanguka, yeye anakimbilia kwao, wazee wanakaa kikao, na mimi nitawaambia nini? Nilikuwa natibiwa? Kwenye mashine mtu analala kwa heshima, anapakwa mafuta, anahudumiwa kama askofu. Mashine haikudhalilishi.

Utasema si ufanye chumbani. Chumbani kuna mtama. Palipobaki ni pa kuweka miguu tu, na kitanda ni cha kamba, ukinyanyua kiuno kitanda ndicho kinachonyanyuka. Na mlango unatazama jiko lake. Nikiufunga mchana wanadhani nimekufa.

Sasa barua yako ilipofika nimewaza siku mbili tatu. Nikaona mahali ni pamoja tu. Zizini. Flora haingiagi zizi la maksai, anamwogopa Meneja. Ukuta wa miti umezibwa na miiba, mtu haoni ndani. Nikatandika gunia. Nikalala chali kati ya Meneja na Karani, nikanyanyua kiuno. Karani akaja akaninusa, akanilamba uso mzima toka kidevuni mpaka kwenye upara. Ulimi wake una msasa. Nikamwambia, "Karani, niko kazini." Meneja alinitazama kidogo akaendelea kutafuna, kama meneja. Mchana ule niliumwa nikakutukana kwa lugha ya nyumbani, yote, mpaka matusi ya bibi. Kesho yake nikafanya tena. Nimeshika njia. Asubuhi nafanya, kisha nawasindikiza maksai mpaka malishoni kwa miguu. Watu wakiniuliza nafanya nini zizini muda wote huo, nawaambia nawafundisha somo jipya, ni siri.

Leo nimeinama nikaokota kijiko. Siyo kwamba kile cha mwanzo kilikuwa kijiko.

Jambo moja nimelisoma na kulirudia. "Ukisikia kiunoni umekosea, sogeza visigino." "Kesho yake unakuwa mwepesi." Nyamburi, Luqmani hakunieleza hivyo. Hayo siyo maneno ya mtu aliyeambiwa. Hayo ni ya mtu aliyelala chini. Kigoda umekiweka pembeni, unakaangia umesimama, unasema ni mtindo. Wewe ulienda kwa Luqmani kuulizia mgongo wa nani?

Kaka yako anayejua kuhesabu meno,
Burito


Bweri, 29 Septemba 2024

Kaka Burito,

Waaleikum salaam. Wajukuu wanakusalimia, wameisikia habari ya Karani kukulamba, nimewasomea, sasa wanamlazimisha paka awalambe.

Ndiyo. Wangu. Ulianza tangu mume wangu Nassibu alipofariki, nilipoanza kukaa kwenye kile kigoda toka alfajiri mpaka saa nne nikiinamia karai. Nimekucheka wewe muda wote huo kwa sababu ukimcheka mwenzako hakuna anayekuuliza wewe. Ile siku nimebaki nje kwenye benchi nilikuwa siwezi kuinuka, ndiyo maana sikuingia. Nafanya mazoezi sebuleni, kwenye mkeka, watoto wakienda shule. Sasa najifunga viatu mwenyewe. Haya, umejua, tuendelee.

La pili. Nimekuficha na hili, nisamehe, ila niliombwa. Flora anajua. Alijua tangu siku ya kwanza uliyobeba gunia kwenda zizini. Alinipigia akilia, alidhani akili yako imehama umeamua kuishi na ng'ombe. Nikamweleza ni tiba. Akaniuliza, "Shangazi, nisimwone nifanyeje?" Ndipo akaanza kupitia njia ya kule kwenye mihogo, ya kuzunguka. Akirudi kutoka bombani anaimba tangu mbali. Wewe unadhani mkamwana wako siku hizi kapata furaha ya ghafla? Anakupa nafasi ya kuinuka na kuvaa shati.

Kaka, mimi ndiye shangazi niliyempokea Flora mlangoni siku ameolewa, mimi ndiye niliyemfundisha miiko ya nyumba hiyo, na ninayeweza kuilegeza ni mimi. Nimemtumia kitenge kwa dereva wa haisi na maneno yake. Magunia ya mtama anayatoa chumbani kwako anayapeleka chumbani kwake na Bonifasi. Mlango wako utawekwa pazia. Asubuhi, mpaka jua lifike juu ya mti wa zizi, hakuna mtu atakayepita mbele ya chumba hicho. Heshima haijavunjika. Heshima ni yeye kuzunguka na ndoo kichwani, na wewe hukuwa unaona.

Bonifasi ananiambia soko la Bunda ni mwezi wa kumi na moja mwanzoni. Una muda, siyo mwingi. Mwambie mwenyewe unataka kulima. Usimtumie Karani.

Mgonjwa mwenzio,
Shani


Butiama, 10 Novemba 2024

Dada yangu Shani,

Leo nimekuita hilo jina, litunze, halitatoka tena mpaka Pasaka.

Tuko wazima wote. Mvua ilianguka siku ya Watakatifu Wote, padri bado anahubiri, bati likamzidi sauti. Kitenge Flora amekishona, kimemkaa. Mimi pazia langu lina maua, nalala kama bibi harusi, na mazoezi nafanya chumbani. Karani amenuna. Siku mbili za kwanza alikuwa analia kule zizini saa yangu ikifika.

Luqmani nilienda kumsalimia. Mashine imepona, fundi alikuja. Akaniuliza, "Mzee, nikuwekee kidogo?" Nikamwambia, "Weka, kajoto kale nakapenda, ila usidhani ndiko kamenitibu." Akanicheka akaniambia nisiinamie plau kama kijana, nisimame wima, nikichoka niachie mwingine. Nikasema ndiyo. Safari hii nilisikia.

Bonifasi nilimwambia mwenyewe kama ulivyoagiza. Nikamwambia, "Nataka kulima." Akasema, "Baba, nakuja Jumamosi na kamba. Nikikuta shamba halijaguswa tutaenda Bunda wote watatu, mimi na wale wawili. Sitaki nikuzike kwenye mtaro." Hakusema kwa ubaya. Anaogopa.

Basi Ijumaa alfajiri nikawafunga nira. Nilikuwa sijashika plau tangu mwaka juzi. Nikasimama wima kama mlingoti, nikakohoa, Karani akaenda, Meneja akafuata kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Mistari ya kwanza, dada, ungeiona. Imenyooka, ungeweza kuianikia nguo. Mugeta alisimama mpakani na mswaki mdomoni, akasahau kuusogeza. Nikamwambia, "Jirani, njoo uhesabu meno yangu na mimi." Akaondoka.

Ila ilipofika katikati ya shamba mgongo ukaniambia polepole, mzee, imetosha. Haukukata, uliniambia tu, kama mtu mstaarabu. Nikasimamisha. Ukiacha shamba nusu umeliacha lote, na Bonifasi anakuja kesho. Nikageuka, nikamwona Flora pembeni, alikuwa analeta uji. Ameuweka chini kwenye jiwe kama kawaida, lakini hakuondoka. Anatazama plau.

Sasa mkwe hawezi kumpa mkamwana mpini mkononi. Nikalisimamisha plau kwenye mtaro, nikaondoka hatua kadhaa, nikaenda mbele kwenye vichwa vya maksai, nikawageuzia mgongo yeye na plau. Nikasikia nyuma chuma kinalia. Ameshika. Nikakohoa.

Tumelima hivyo mpaka jua kali. Mimi mbele nawaongoza, yeye nyuma. Meneja alijaribu kumtisha Flora, Flora akampiga kofi la mgongoni, nikasikia, na Meneja tangu siku ile anamwamkia. Flora hajawahi kushika plau maishani. Plau lilikuwa linampeleka huku na huku kama mlevi wa mnada. Lakini hakuliachia, na shamba likaisha.

Jumamosi Bonifasi akaja na kamba begani. Akasimama mwanzo wa shamba. Udongo wote mweusi umegeuzwa, na yangeyange weupe wamejaa wanadonoa. Akatembea juu ya mistari, anatazama chini, Flora amesimama karibu na jiko amekunja mikono kwenye kitenge. Bonifasi akafika pale ilipobadilika, akauliza, "Baba, hii nusu iliyonyooka kama kamba kalima nani? Na hii nusu iliyopinda kama nyoka kalima nani?"

Mimi hapo nilikuwa nimeshika mswaki, nimesimama wima, majirani wawili wanasikiliza.

Nikamwambia, "Iliyopinda ni ya kwangu. Mgongo bado haujazoea. Iliyonyooka ni ya mke wako."

Akamtazama mke wake muda mrefu. Flora akainamisha kichwa, akaingia jikoni, nikasikia anaimba. Bonifasi akaenda akaitundika kamba ukutani, akaja akauliza tunapanda nini.

Wasalimie wajukuu. Laza mgongo wako chini kila asubuhi, visigino karibu.

Kaka yako, mkulima mbaya kuliko wote Butiama,
Burito